Vocha ya Suzana

Evelina alikuwa na ulimi. Sura alikuwa nayo ya kawaida, urefu wa kawaida, na cheti chake cha chuo kilikuwa cha kawaida vilevile, lakini ulimi ule ungeweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe na akaondoka akishukuru. Zakia, mwenye ofisi ya kukatia tiketi za ndege pale Nyahanga, mjini Kahama, aliuona siku ya kwanza na akamwajiri hapohapo.

Maana kwa Zakia kazi haikuwa kukata tiketi. Kukata tiketi hata mtoto anaweza. Kazi ilikuwa siku ile ndege isipoondoka. Kampuni ya ndege ikifuta safari yenyewe, abiria ana njia mbili: arudishiwe fedha zake zote, au apewe vocha, yaani karatasi inayomwahidi kiti siku nyingine kwa thamani ileile. Anayechagua ni abiria. Imeandikwa kwenye tiketi, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa. Sasa fedha zikirudi kwa abiria, na kamisheni ya ofisi inarudi nazo. Vocha ikitoka, kamisheni inabaki kwa Zakia. Hapo ndipo ulipohitajika ulimi.

"Mpe vocha kabla hajataja fedha," Zakia alimfundisha. "Akishaitikia, amekwisha. Hawezi kurudi nyuma."

Evelina alijifunza haraka kuliko ilivyotakiwa. Alikuwa na maneno yake, na aliyasema kwa tabasamu la mtu anayekufanyia hisani. Fedha ukiipata leo, kesho imekwisha. Vocha haipotei. Vocha inakusubiri. Wafanyabiashara wa mchele waliitikia, walimu waliitikia, na padri mmoja aliitikia, na juu yake akambariki.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Isaka, Philomena, aliyekuwa akienda Dar kumuona binti yake aliyelazwa. Safari ilikuwa imefutwa. Evelina akampa vocha, maneno yakamtoka kama kawaida, na yule mama akaitikia. Kisha akafungua fundo la kitenge, akatoa sarafu, akaiweka karatasi juu ya meza na kuanza kuikwangua.

"Nikwangue wapi, mwanangu? Mbona namba zenyewe sizioni?"

Alidhani ni vocha ya simu. Zakia alicheka mpaka akavua miwani. Evelina alicheka mpaka akashika ubavu. Alipopata pumzi akamweleza kwamba hii si ya kuweka kwenye simu, ni ya kusafiria.

"Sasa hela yangu iko wapi?"

"Imo humohumo, mama."

Philomena aliigeuza karatasi upande huu na upande ule akiitafuta hela yake, kisha akaikunja na kwenda stendi kukopa nauli ya basi. Alirudi baada ya miezi mingi, amenyoa kichwa. Alisema shughuli ya Dar ilikwisha, binti alishazikwa, kwa hiyo angeomba tu arudishiwe kile alicholipa. Evelina akatazama kwenye kompyuta na kumwambia, kwa upole kabisa kwa sababu upole hauna gharama, kwamba vocha ilikuwa imeisha muda wake. Philomena akasema ahsante. Na Evelina, tusimwonee, alikosa hamu ya chakula mchana ule. Jioni alikula vizuri.

Cheti chenyewe cha Evelina kilitoka kwenye ng'ombe.

Dada yake, Suzana, alikuwa amechumbiwa na Evance wa Nyarugusu, upande wa Geita. Evance alikuwa na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zikinguruma kutwa kucha, na alinunua dhahabu kwa wachimbaji kwa bei aliyoitaka yeye. Alipoleta mahari nyumbani kwao Ushirombo, majirani waliacha kazi zao kuja kuwatazama wale ng'ombe. Walikuwa na nundu zilizolala upande kwa shibe. Mzee Samwel, baba wa mabinti, aliwazunguka akiwapapasa mmoja mmoja, na kabla ya mavuno alikuwa ameanza kuwauza, mmoja mmoja vilevile, ili Evelina asome chuo Mwanza. Kila mtu alisema mzee ana akili. Binti mmoja ameolewa, mwingine amesoma, na ng'ombe ni walewale.

Hata Evelina alipomaliza chuo na kuajiriwa, ndoa ya kanisani ilikuwa bado. Ingefungwa baada ya Pasaka. Lakini Suzana alikwishahamia Nyarugusu, na Krismasi alipokuja kusalimia alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Mama yao, Serafina, alimpakulia chakula na kumuuliza habari za mvua za kule. Evelina ndiye aliyemvutia jikoni na kuivua ile miwani. Aliona alichokiona. Akamrudishia miwani.

"Ana mkono mwepesi tu," Suzana alisema. "Akikuta chumvi imezidi. Akikuta imepungua. Akinikuta nimekaa kimya."

Basi kabla ya Pasaka Evance akakata tiketi mbili kwa Zakia, yake na ya Suzana, waende Dar kununua gauni la harusi. Walifika uwanja wa ndege wa Mwanza wakakuta safari imefutwa. Evance akapanga foleni kwenda kugomba. Suzana akamwachia mkoba, akamwambia anakwenda msalani mara moja, na akiwa mle akampigia mdogo wake.

"Eve, nitumie nauli ya basi. Sasa hivi, kabla hajamaliza kugomba."

"Ya kwenda wapi?"

"Popote."

Evelina alikuwa na hela kwenye simu. Mshahara ulikuwa umeingia juzi yake. Lakini aliwaza ng'ombe, akamuwaza baba yake akitafutwa na watu wa Nyarugusu, akajiwaza na yeye mwenyewe, na ule ulimi wake ukafanya kazi uliyoizoea.

"Dada, vumilia. Hasira za mwanaume zinapungua akishazaliwa mtoto. Ng'ombe za watu zile, na zimeshaliwa."

"Mimi hata mchuzi sikuonja," Suzana alisema, akakata simu.

Alitoka mlango wa nyuma wa uwanja bila mkoba, na tangu hapo simu yake haikupatikana. Kuna waliosema ameonekana Tarime, wengine wakasema Kigoma. Evance alisimama na ule mkoba wa kike kwa muda mrefu, watu wakimtazama, na hilo ndilo hakulisamehe.

Wiki iliyofuata akaja Nyahanga. Aliingia ofisini na vumbi la mawe kwenye viatu, akaketi bila kukaribishwa.

"Shikamoo shemeji," Evelina alisema.

"Marahaba, mke mdogo."

Huo ni utani wa siku zote. Shemeji na mdogo wa mke wanataniana hivyo mbele ya baba, mbele ya mama, mbele ya katekista, na hakuna anayekunja uso. Evelina alikua akiusikia. Hata hapo, dada yake akiwa amepotea, alifurahi kuusikia, kwa kuwa aliogopa mtu huyu angekuja na panga.

"Nataka fedha zangu," Evance alisema. "Za tiketi zote mbili."

Nyuma yake Zakia aliinua macho kutoka kwenye simu, akamkazia Evelina.

"Fedha za nini, shemeji, na wewe kila siku unazishika? Fedha ukiipata leo, kesho imekwisha. Chukua vocha. Vocha haipotei. Inakusubiri wewe."

"Yangu sawa. Hii ya dada yako je? Atasafiri nani, jini?"

"Jina linabadilishwa. Kampuni hii inaruhusu mara moja, ila liwe la ndugu yake wa damu."

"Ndugu wa damu," Evance alirudia.

Evelina akaona anasitasita. Mteja akisitasita ndipo unapomsukuma kidogo, kwa kicheko. Akaegemea meza, akarembua.

"Sasa ndugu wa damu si ndiye huyu hapa mbele yako? Au sifai?"

Zakia akacheka. Evelina akacheka. Evance hakucheka mara moja. Alimtazama kuanzia kwenye kitambaa cha kichwa mpaka pale meza ilipomkata, taratibu, vile anavyotazama jiwe kabla ya kutaja bei.

"Unafaa," alisema, na akatia saini vocha zote mbili.

Alipotoka, Zakia alimnunulia Evelina soda baridi. Alisema hajawahi kuona mtu aliyekuja na hasira akaondoka ameloa namna ile.

Jumapili moja, baada ya misa, Evance alifika Ushirombo na mjomba wake. Mzee Samwel alikuwa amemwita Clemens, kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyezungumza kwenye mambo yote ya ukoo kwa sababu alikuwa na sauti nzito na hakuwa na haya. Evelina alikuwa amekuja mapumziko. Yeye na mama yake walikuwa jikoni, wanasonga ugali wa wageni, wakisikiliza kupitia ukutani.

Evance hakupaza sauti. Alisalimia wazee wote, akasifia mvua.

"Sikuja kugomba, baba zangu," alisema. "Nimelipa, sikupata. Safari hii sikuifuta mimi, imefutwa na upande wenu. Au nasema uongo?"

Mzee Samwel akakohoa. Clemens akasema hapana, husemi uongo.

"Kwa hiyo nina njia mbili. Nilifundishwa na binti yenu mwenyewe, msomi. Naomba aje awaeleze, mimi nisije nikakosea."

Evelina akaitwa. Alitoka na unga mikononi, akapiga magoti kusalimia, akabaki amepiga magoti hivyohivyo kwenye mkeka. Alidhani zinazungumzwa tiketi. Na hata asingedhani hivyo, kuna mtu gani asiyefurahi kidogo wazee wa ukoo wakimwita aje awaeleze jambo?

"Safari ikifutwa," Evance akamwongoza, kama mwalimu na mwanafunzi hodari, "aliyelipa anapata nini?"

"Anapata fedha zake, au anapata vocha."

"Na ipi bora?" Clemens akauliza. "Sisi wa huku hatujui hayo mambo."

Hapo Evelina angeweza kusema kweli. Lakini Evance alikuwa amekaa palepale, macho yamemkazia, na vocha alizotia saini zilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Akisema fedha ndiyo bora, mtu huyu atajua ametapeliwa, na kesho atakuwa mlangoni kwa Zakia. Akachagua kibarua chake. Na kwa kuwa alikuwa anasema uongo mbele ya baba yake, aliusema kwa ufundi wake wote.

"Vocha, baba mkubwa. Fedha ukiipata leo, kesho imekwisha. Vocha haipotei."

Wazee wakatikisa vichwa. Mjomba wa Evance alisema kweli binti amesoma huyu.

"Na ikiwa yule wa kwanza hayupo?" Evance akauliza.

"Jina linabadilishwa."

Alikuwa ameshalisema ndipo akalisikia. Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria.

"Linabadilishwa liwe la nani? Waambie wazee. Sema kama ulivyoniambia mimi, ukaegemea na meza."

Evelina alitazama mkeka. Unga ulikuwa unamkauka kwenye vidole.

"Sema, mwanangu," Clemens akamhimiza. Yeye alikwishaelewa, na alikwishaona jinsi ukoo utakavyopona bila kutoa hata mbuzi.

"La ndugu yake wa damu."

"Basi mimi nachagua vocha," Evance akasema.

Nyuso za wazee hazikuwa za watu waliochukizwa. Zilikuwa za watu wanaopiga hesabu na kukuta imetoka vizuri. Mzee Samwel alijipangusa paji la uso. Ndoa ya kanisani ilikuwa haijafungwa, mmoja wao akasema, kwa hiyo hata padri hana neno. Mwingine akasema zamani mambo haya yalikuwa ya kawaida, ila siku hizi watu wanajifanya Wazungu.

Ulimi wa Evelina ulirudi kwa kishindo.

"Nilidanganya!" alipiga kelele. "Baba mkubwa, nilidanganya, ni maneno ya kazini yale! Vocha haina maana yoyote, inaisha muda, watu wanabaki na makaratasi! Safari ikifutwa, haki ya mtu ni fedha zake. Zote! Hakuna anayeweza kumlazimisha achukue vocha. Anayechagua ni aliyelipa!"

"Sasa umesema vizuri," Evance akajibu bila kuinua sauti. "Anayechagua ni aliyelipa. Na mimi nimechagua." Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie. "Kumbe na zile za tiketi uliniibia? Hilo tutalizungumza nyumbani kwangu."

Evelina akamgeukia baba yake. Alimwomba awarudishe ng'ombe. Alimwambia kuhusu miwani ya jua na alichokiona chini yake. Alimtajia jikoni, chumvi, kila kitu alichokuwa amekificha. Mzee Samwel alilia. Ndiyo, alilia kweli, machozi ya mtu mzima yanayotia aibu, lakini mdomo wake ulisema jambo jingine.

"Nirudishe ng'ombe gani, Evelina? Niliwageuza ada. Ng'ombe wenyewe ni wewe."

Mwishowe Evelina alisema atalipa yeye, kidogokidogo, kutoka kwenye mshahara wake. Clemens akaguna. Lakini Evance akakubali, na tena kwa moyo mweupe, akasema sawa, mtu akitaka kulipa aachwe alipe. Akishindwa, aende Nyarugusu badala ya dada yake, la sivyo mama yake atatoa lile jaruba la mpunga, ndilo pekee lililobaki la kushikika. Serafina alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Jaruba lile ndilo lililokuwa linamlisha yeye na wadogo wote wa Evelina. Alimshika binti yake mkono akamwingiza jikoni, akamnawisha unga vidole kimoja kimoja kama mtoto mdogo.

"Vumilia, mayu, mama yangu," alimwambia. "Usije ukashindwa kulipa, lakini ukishindwa, vumilia."

Neno lilimchoma, kwa kuwa alilifahamu lilikotoka.

Jumatatu asubuhi alipofika Nyahanga alikuta gari la Evance limekwishafika. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mguu juu ya mguu, mbele ya Zakia aliyekuwa amevimba kama andazi. Evance alikuwa amemsimulia yote. Kwamba mfanyakazi wake amesimama mbele ya ukoo mzima na kusema vocha za ofisi hii ni utapeli, na kwamba yeye Evance hana shida na Mama Zakia, lakini wafanyabiashara wenzake wa Geita wakisikia hawatakuja tena hapa.

"Ulisema hivyo?" Zakia akauliza.

Evelina alisema ndiyo, na kwamba ni kweli.

"Kweli inatafutiwa mahali pa kusemwa," Zakia akamwambia. "Hapa ulikuwa unakula kwa nini? Kwa kweli?"

Akamfukuza papo hapo. Evelina alimwomba mbele ya Evance. Alimkumbusha padri, walimu, ile siku ya soda. Zakia hakumtazama. Hakuwa mwanamke mkatili zaidi ya wengine, ila alikuwa na kodi ya chumba cha ofisi, na wanawake wa namna ile huwa hawapungukiwi na sababu. Evelina alipookota mkoba wake, Zakia akamwita.

"Kabla hujatoka, mbadilishie mteja jina. Wewe ndiye unayejua nywila ya ule mfumo wa kampuni ya ndege."

Evance akaitoa vocha mfukoni, akaikunjua, akailaza mezani kwa adabu.

Evelina alikaa kwenye kiti chake kwa mara ya mwisho. Akalifuta jina la Suzana herufi kwa herufi, kuanzia nyuma. Mashine ikauliza uhusiano wa abiria mpya na yule wa kwanza, akachagua. Ikamuuliza kama ana uhakika, maana badiliko hili haliwezi kufanywa mara ya pili. Kidole kilikaa juu ya kitufe. Aliwaza mama yake akiwa amesimama kwenye jaruba la mtu mwingine, akiokota masalio. Alimuwaza Suzana vilevile, na kwa kweli kwa dakika ile alimchukia Suzana kuliko alivyomchukia Evance, kwa kuwa Suzana alikuwa huru na Evance alikuwa Evance tu. Akabonyeza.

Safari ilikuwa ya kwenda Dar kununua gauni. Evance alisema lile la kwanza halikununuliwa, kwa hiyo hakijapungua kitu. Vocha yake mwenyewe alikwishaitumia katika safari zake za dhahabu, akajikatia tiketi nyingine kwa fedha taslimu. Evelina angesafiri kwa ile ya dada yake.

Njiani kutoka Nyarugusu mpaka Mwanza Evance hakumpiga. Alikuwa amempiga siku ya tatu tangu ahamie kwake, kwa ajili ya tiketi, kama alivyoahidi, na tangu hapo nyumba ilikuwa na amani kwa kuwa Evelina hakuwa na la kusema. Ule ulimi. Ulikuwa mdomoni, wakati mwingine aliusikia ukigusa meno, lakini maneno yalikuwa yamemkimbia. Uwanjani aliketi kwenye viti vya kusubiria akiwa ameishika ile karatasi, na bila kujitambua alikuwa akiikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, palepale palipokuwa na jina. Wino ulichubuka kidogo. Chini yake palikuwa na karatasi tu.

Alipotambua anachofanya, aliacha. Akainuka.

"Nakwenda msalani."

Alisema bila kupanga. Au labda alikuwa amepanga tangu Nyarugusu, tangu siku ya tatu, na hakutaka kujiambia. Mlango wa nyuma upo, Suzana aliupita. Jaruba lichukuliwe, mama alie, baba alie, na wote walie, alikuwa tayari kuwasikia wakilia akiwa mbali.

Evance hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Nenda," alisema. "Acha mkoba."

Evelina akauacha.

"Na simu."

Akaitoa.

"Na viatu."

Evelina alisimama. Mama mmoja wa pembeni, mwenye mtoto mgongoni, aligeuza uso wake upande mwingine. Evelina akainama, akafungua kimoja, akafungua cha pili. Evance akavipanga chini ya kiti chake, vizuri, visigino pamoja, kisha naye akainuka, akamsindikiza mpaka mlango wa choo cha wanawake na kusimama pale. Alikuwa mtu wa kujifunza haraka. Mle ndani hapakuwa na mlango mwingine. Suzana alikuwa ametoka akapita mbele ya watu wote mpaka mlango wa nyuma wa uwanja, huku Evance akigomba, na leo hapakuwa na kitu cha kumgombesha.

Alirudi, sakafu ya baridi ikimpanda miguuni. Akaketi. Alijiambia kwamba ndege ikiruka atalala, na akilala hatafikiri.

Ndege haikuruka. Mhudumu alitoka, msichana mdogo wa umri wa Evelina, amejipaka rangi ya mdomo vizuri, na alikuwa na tabasamu. Evelina alilijua tabasamu lile kabla halijafunguka. Msichana aliomba radhi kwa niaba ya kampuni. Safari imefutwa. Abiria waliolipa taslimu wana uchaguzi wao, alisema, ila yeye kwa kweli angewashauri wachukue vocha, maana fedha ukiipata leo...

Watu walianza kunung'unika na kuitikia, mmoja baada ya mwingine. Evelina aliwasikia wakiitikia. Alifungua mdomo awaambie. Hakuna kilichotoka.

Msichana akafika kwao.

"Na wewe, mheshimiwa? Nikuandikie vocha?"

"Hapana, mama. Mimi nirudishie fedha," Evance akasema, akauweka mkono wake shingoni kwa Evelina, taratibu, kama mtu anayeshika mali yake akiwa anazungumza mengine. "Vocha ninayo tayari."